Nani alimpa mrushaji nafasi yake? Historia ya gemu za besiboli ikisomwa kutoka Karagwe

Wadau, leo tuiache kahawa na barabara zetu za vumbi, twende mbali kidogo. Nataka kuongelea besiboli, tena ile ya kwenye gemu. Najua kuna watakaosema jamaa kaishiwa habari. Hapa kwetu, kuanzia Kayanga na Omurushaka mpaka Nkwenda kule Kyerwa, kibanda cha PlayStation maana yake ni mpira wa miguu, na ukikosa mpira basi ni ngumi au magari. Gemu ya besiboli hata ukiileta bure itakaa pale inakula vumbi.

Ila nina sababu mbili. Ya kwanza iko ng'ambo ya daraja la Murongo. Waganda, majirani tunaouziana nao ndizi na maharage kila siku, wana vijana waliosaini mikataba na klabu za Ligi Kuu ya Marekani (MLB), na hao ninaowajua ni warushaji. Ya pili ni ya kikazi. Nilipoanza kufuatilia jinsi gemu hizi zinavyogawa kazi za warushaji, nikakuta sehemu muhimu ya mgawanyo ule ilianzia kwenye kalamu ya mwandishi wa gazeti. Mtu wa kazi kama yangu, mwenye daftari na dedilaini. Hapo ndipo usingizi uliponiishia.

Kwa wasioujua mchezo, kumbukeni rede ya dada zetu shuleni. Mmoja anarusha, mwingine anakwepa. Kwenye besiboli huyo wa pili ana rungu na kazi yake ni kuupiga mpira. Kila timu ina watu 9 uwanjani na mechi ina awamu 9. Katika kila awamu kila timu inapata zamu ya kupiga mpaka watu wake watatu watolewe. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji na anaweza kurusha kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Saa ya kumaliza mechi haipo. Na ligi kuu ina sheria moja inayobeba habari yote ya leo: ukimtoa mchezaji, harudi tena siku hiyo.

Sasa fikiria mkono wa binadamu. Ukirusha hivyo mara 90 au 100, bega linalalamika, kiwiko kinalalamika, na mpira unaanza kwenda pale mpigaji anapoupenda. Kwa hiyo swali kubwa la kocha wa besiboli, kila siku, ni hili: namtoa lini huyu, na nani anapokea? Ni kama basi la safari ndefu. Kuna dereva aliyeanza nalo asubuhi na kuna wa kupokezana naye. Mjini tungemwita deiwaka, ingawa deiwaka wa daladala halipwi mamilioni ya dola.

Zamani deiwaka hakuwepo. Mwaka 1884 mtu mmoja aliyeitwa Charles Radbourn, wa timu ya Providence, alirusha awamu zaidi ya 678 katika msimu mmoja. Gawanya kwa 9 uone ni sawa na mechi nzima ngapi. Cy Young, ambaye tuzo ya mrushaji bora imebeba jina lake, alimaliza mechi 749 alizozianza mwenyewe. Enzi hizo kumtoa mrushaji katikati ya mechi kulikuwa kama kumvua nguo hadharani. Aliyeingia baadaye alikuwa mzee anayestaafu, au kijana ambaye bado hajaaminiwa.

Hapa ndipo anapoingia mwandishi wetu. Jina lake Jerome Holtzman, aliandikia Chicago Sun-Times. Mwaka 1959 kulikuwa na mrushaji wa akiba wa Pittsburgh Pirates, Elroy Face, aliyemaliza msimu akiwa ameshinda mechi 18 na kupoteza 1. Takwimu tamu sana. Holtzman, mtu wa kukaa uwanjani akitazama, hakuridhika. Aliona kwamba katika baadhi ya ushindi ule Face aliingia timu ikiwa inaongoza, akaruhusu wapinzani wasawazishe, kisha wenzake wakafunga tena na yeye akaandikiwa ushindi. Mtu kaharibu, halafu kitabu kinamsifu! Na yule aliyeingia akalinda uongozi mpaka mwisho hakuandikiwa kitu.

Holtzman akabuni hesabu mpya: mrushaji anayeingia timu yake ikiwa mbele kidogo na kuumaliza mchezo bila kuupoteza, aandikiwe alama yake. Akaiita "save". Sisi wa vibandani tuseme sevu, ingawa hii haina uhusiano na kusevu gemu kabla umeme haujakatika. Mwaka 1969 ligi ikaifanya takwimu rasmi. Kwa kifupi, kanuni ya sasa inasema ukiingia ukiwa mbele kwa pointi 3 au chini yake, ukarusha angalau awamu moja, ukamaliza na timu ikashinda, sevu ni yako.

Alichofanya Holtzman ni kuandika kilichokuwa kinatokea. Tatizo la namba ni kwamba ikishachapishwa magazetini kila asubuhi, watu wanaanza kuifukuzia. Mawakala wakaitumia kwenye mikataba. Makocha nao wakaanza kuwatumia warushaji wao bora wa akiba kwa kuangalia kanuni ya sevu: kama tuko mbele kwa pointi 3 awamu ya 9, mwite, kama tumefungana awamu ya 7 na wapinzani wanatukaba koo, mwache akae, hiyo si kazi yake. Mwaka 1988 kocha Tony La Russa wa Oakland akaikamilisha picha hiyo kwa Dennis Eckersley, mrushaji wa zamani wa kuanza mechi, akamfanya mtu wa awamu moja ya mwisho tu. Mwaka 1990 Eckersley alipata sevu 48, na mwaka 1992 akachukua tuzo ya Cy Young pamoja na ile ya mchezaji bora wa ligi, yote kwa kufanya kazi ya dakika chache. Cheo chake kinaitwa kloza. Mimi namwita mfunga hesabu.

Sasa tuingie kwenye gemu.

Mwaka 1971 mwanafunzi wa Pomona College huko California, Don Daglow, aliandika programu iliyoitwa tu "Baseball" kwenye kompyuta kubwa ya chuo aina ya PDP-10. Hakukuwa na picha, yote maandishi. Kilichonivutia ni kwamba Daglow alikufanya wewe kuwa kocha. Rungu hukulishika. Uliamua nani arushe, nani apokee. Yaani tangu mwanzo kabisa kompyuta ilitambua kwamba utamu wa mchezo huu uko kwenye benchi.

Wajapani walipita njia nyingine. Desemba 1986 Namco walitoa Family Stadium kwa ajili ya mashine ya Famicom, na toleo lake la Marekani likaitwa R.B.I. Baseball. Mashine ilikuwa ndogo, kumbukumbu yake finyu, hivyo kila timu katika R.B.I. Baseball ikapewa warushaji wanne tu: wawili wa kuanza na wawili wa kupokea. Boston, kwa mfano, walikuwa na Roger Clemens na Bruce Hurst wa kuanza, Bob Stanley na Calvin Schiraldi wa akiba. Wa kuanza walikuwa na pumzi nyingi, wa akiba wakichoka haraka. Hapo hakuna kloza wala mtu wa awamu ya 8. Kuna kuchoka na kutochoka, basi. Na kwa maoni yangu gemu ile yenye warushaji wanne ilisema ukweli mkubwa kuliko nyingi zilizofuata, kwa sababu ilikuachia wewe uamue lini hali ni mbaya.

Daglow naye hakulala. Mwaka 1987, kupitia Electronic Arts, yeye na Eddie Dombrower wakatoa Earl Weaver Baseball. Weaver alikuwa kocha mkongwe wa Baltimore Orioles, mkorofi, maarufu kwa kugombana na waamuzi. Walimkalisha chini wakamhoji maswali mengi: ukiwa katika hali hii unafanya nini? Na hii je? Majibu wakayageuza kuwa maamuzi ya kompyuta. Ndugu zangu waandishi, hayo ni mahojiano! Tofauti ni kwamba sisi mahojiano yetu yanafungia maandazi kesho yake, yao yaligeuka kuwa kocha anayecheza dhidi yako.

Weaver alikuwa na imani yake kuhusu warushaji. Aliamini kijana anayetoka ligi za chini aanzie kwenye akiba, arushe awamu kadhaa pale mwanzilishi anapoharibu mapema, ajifunze bila presha, halafu ndipo apandishwe. Kwake nafasi ilikuwa ngazi ya kupitia.

Mwaka 1991 Daglow huyohuyo, sasa akiwa na studio yake, akatoa gemu nyingine yenye jina la kocha. Kocha gani? Tony La Russa! Yule wa Eckersley. Pateni picha: ndani ya miaka minne mtengenezaji mmoja kawaingiza kwenye kompyuta makocha wawili wenye imani tofauti kuhusu mrushaji. Na kihistoria La Russa ndiye aliyeshinda. Kadiri miaka ya 1990 ilivyosonga, gemu nyingi zikawa na kisanduku cha kloza kwenye ukurasa wa kikosi. Kisanduku kikishakuwepo lazima kijazwe. Kisipojazwa, kompyuta inakujazia.

Kabla sijaendelea, ngoja niwape kitu cha kuwaunganisha na kibanda. Mnaikumbuka Winning Eleven? Mnakumbuka vile vimshale vya rangi vilivyoonyesha nani yuko kwenye hali nzuri leo na nani hana hamu? Kampuni ile, Konami, ndiyo iliyotoa mwaka 1994 gemu ya besiboli ambayo Wajapani wanaipenda mpaka leo, kwa kifupi Pawapuro. Humo hali ya mchezaji inaonyeshwa kwa kikatuni cha uso: akicheka yuko vizuri, akinuna mpumzishe. Lakini angalia tofauti. Kwenye mpira wa miguu ukimtoa Okocha kwa sababu mshale wake umeelekea chini, unamlinda kwa mechi ya leo. Kwenye besiboli unapanga wiki nzima. Anayeanza leo hawezi kuanza kesho wala keshokutwa, kwa hiyo timu za MLB zina warushaji watano wa kuanza wanaozunguka kwa zamu, na nyuma yao wapokeaji saba au wanane. Kila unayemtumia leo ni deni la kesho.

Gemu iliyoichukua hesabu hiyo kwa uzito kuliko zote imetengenezwa na Mjerumani, mtu wa nchi ambayo besiboli ni mchezo wa wachache. Markus Heinsohn alianzisha Out of the Park Baseball mwishoni mwa miaka ya 1990. Humo hurushi mpira hata mmoja. Unafungua majedwali. Kila mrushaji ana alama ya pumzi na ana aina zake za mipira. Asiye na pumzi, au mwenye aina mbili tu, hafai kuanza, maana wapigaji wakimwona mara ya pili na ya tatu wanamjua. Halafu unampa cheo: wa kuanza, wa masafa marefu, wa katikati, wa maandalizi ya mwisho, kloza, mtaalamu wa kumkabili mtu mmoja, na hata yule wa kusafisha sakafu mechi ikishapotea. Kuna pia cheo kinachoitwa "stopper", yaani mzuiaji: mrushaji wako bora wa akiba anaitwa pale moto unapowaka, awamu yoyote, sevu au hakuna sevu.

Nimekaa sana kwenye cheo hicho kimoja, kwa sababu ni kama barua ya malalamiko kwa Holtzman. Wachambuzi wa takwimu walikuwa wamepiga kelele miaka mingi kwamba ni upuuzi kumkalisha mtu wako bora awamu ya 7 wakati mechi inapotea, eti kwa sababu kanuni ya gazetini inataka awamu ya 9. Ndani ya gemu unaweza kulijaribu hilo kwa msimu mzima. Hakuna mwandishi wa kukuuliza kwa nini, na mchezaji hakasiriki kwamba sevu zake zimepungua na mkataba unakaribia.

Juu ya vyeo kuna kikosi chenyewe. MLB kwa sasa inaruhusu wachezaji 26, iliongezwa kutoka 25 mwaka 2020, na kwa kawaida warushaji hawazidi 13. Nyuma yao kuna orodha pana ya watu 40 na ligi za chini za kupandisha na kushusha. Mrushaji aliyechoka leo anaweza kurudishwa ligi ya chini usiku huohuo, asubuhi analetwa mwingine mwenye mkono mbichi. Kwenye gemu ni kubofya mara mbili. Kwa mhusika ni kufungasha begi na kurudi kwenye mshahara mdogo, na mimi kila nikibofya hapo nawaza watumishi wa mkataba katika ofisi zetu.

Kisha ulimwengu halisi ukaanza kuvunja visanduku. Tarehe 19 Mei 2018 Tampa Bay Rays walimwanzisha Sergio Romo, mtu aliyekuwa ametokea mara 588 kwenye ligi kuu bila kuanza mechi hata moja. Alirusha awamu moja, akatoka, akaingia mtu wa kubeba mzigo mrefu. Kesho yake wakamwanzisha tena. Yaani mfunga hesabu wa zamani kapewa kufungua duka. Sasa kisanduku chake kisemeje? Mwaka 2020 ligi ikaweka sheria kwamba mrushaji akiingia lazima akabiliane na wapigaji watatu, isipokuwa awamu ikiisha, na yule mtaalamu wa kumkabili mtu mmoja akapoteza kazi kwa kalamu, kama alivyopata kazi kloza.

Halafu akaja Shohei Ohtani. Mjapani huyu anarusha kama mrushaji bora na anapiga kama mpigaji bora, na mwaka 2021 akawa mchezaji bora wa ligi yake kwa kufanya yote mawili. Gemu ya Sony, MLB The Show, tangu 2006 ina sehemu ambapo unaunda kijana wako na kumkuza kutoka ligi za chini, na kwa miaka mingi ulitakiwa uchague: wewe ni mrushaji au mpigaji? Toleo la 2021 likaruhusu kuwa yote mawili. Mwaka 2022 ligi nayo ikabadili kanuni, mrushaji anayejipigia akitolewa kwenye kurusha abaki kama mpigaji, na picha ya Ohtani ikakaa kwenye kasha la gemu mwaka huohuo.

Wengi wanaandika kana kwamba Ohtani aliteremka kutoka mbinguni. Hapa mimi naweka pingamizi. Wamarekani weusi, walipofungiwa nje ya ligi kuu mpaka Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947, walikuwa na ligi zao. Fedha zilikuwa chache, vikosi vidogo, safari ndefu za basi. Timu ya namna hiyo haiwezi kulisha mtu wa awamu moja. Mrushaji wa leo kesho anacheza nyuma uwanjani. Martín Dihigo, Mcuba, alirusha na alicheza karibu kila nafasi. Ted Radcliffe mwaka 1932, siku timu yake ya Pittsburgh ilipocheza mechi mbili mfululizo, alidaka mipira ya Satchel Paige mechi ya kwanza, kisha akarusha mwenyewe mechi ya pili. Damon Runyon alipoliandika tukio hilo akambandika jina la "Double Duty", zamu mbili, na jina likamfuata mpaka alipofariki mwaka 2005 akiwa na miaka 103. Runyon alikuwa nani? Mwandishi wa gazeti. Mnaona sasa?

Kalamu ya Holtzman ilizaa kisanduku kwenye kila gemu. Jina alilolitoa Runyon lilibaki hadithi ya wazee, kwa sababu takwimu za ligi zile hazikuhesabiwa kuwa za ligi kuu mpaka MLB ilipotangaza hivyo Desemba 2020, na kuziingiza vitabuni Mei 2024. MLB The Show ilianza kuwaweka wachezaji wa ligi zile kwenye toleo la 2023, Paige na Dihigo wakiwemo. Kwa hiyo gemu ilimjengea Ohtani njia mwaka 2021, ndipo ikamkumbuka Dihigo aliyemtangulia kwa karibu miaka 100.

Nirudi kwetu Afrika Mashariki. Dar es Salaam besiboli ilianza kushika kasi miaka ya 2010 kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari, na Desemba 2018 ukafunguliwa uwanja pale Azania Sekondari, ukapewa jina la Koshien. Jina hilo kwa Wajapani ni zito. Koshien ni uwanja wa mashindano ya sekondari, na mwaka 1998 kijana Daisuke Matsuzaka alirusha pale mipira 250 katika mechi moja ya awamu 17. Taifa zima lililia kwa fahari. Madaktari walilia kwa sababu nyingine, na tangu 2020 mashindano hayo yana kikomo: mrushaji mmoja asizidi mipira 500 kwa wiki.

Watoto wana kikomo kikali zaidi. Kwenye mashindano ya dunia ya Little League, kijana wa miaka 11 au 12 harushi zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akifikisha 66 anapumzika siku nne. Kocha wa watoto, kwa hiyo, anacheza gemu ya Heinsohn bila kompyuta, akiwa na watoto wachache, na yule anayepumzishwa kurusha kesho yake anacheza nafasi nyingine uwanjani. Vijana wa Lugazi, Uganda, walifika huko Pennsylvania mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika, wakaifunga timu ya Oregon 3–2. Mwaka 2015 Waganda wengine wakaifunga Jamhuri ya Dominika, nchi inayolisha MLB nzima, 4–1. Baadaye, mwaka 2022, Los Angeles Dodgers wakawasaini Umar Male na Ben Serunkuma, na David Matoma akaingia Pittsburgh Pirates, akianza kucheza 2023 kwenye ligi ya vijana huko Dominika. Ndiyo, Pittsburgh ileile ya Elroy Face.

Ila kabla ya 2012 kulikuwa na 2011. Mwaka ule timu ya Kampala ilishinda fainali ya kanda yake, ikaifunga timu kutoka Saudi Arabia, ikapata tiketi ya Pennsylvania. Haikwenda. Ubalozi wa Marekani uliwanyima visa kwa sababu taarifa za umri na kuzaliwa za baadhi yao hazikulingana. Wasaudi waliofungwa ndio waliokwenda. Januari 2012 watoto wa Langley, Kanada, ambao ndio wangecheza na Waganda siku ya kwanza, walisafirishwa mpaka Uganda ili mechi ile ichezwe.

Najua kuna watakaosema walidanganya umri. Wadanganyifu wapo kila mahali, na mashindano ya watoto lazima yajilinde. Lakini mtu wa Karagwe na Kyerwa asiwe mwepesi wa kucheka. Ni wangapi huku bibi zao wanahesabu miaka kwa vita vya Kagera, "ulizaliwa mwaka uliofuata Amin alipofukuzwa"? Mwaka 2013, kwenye Operesheni Kimbunga, watu wa mkoa huu walisimamishwa wathibitishe uraia wao, na wapo waliosukumwa nje ya mpaka huku wakilia kwamba ni Watanzania. Wilaya ya Kyerwa yenyewe ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hivyo mwenye cheti cha kabla ya hapo amezaliwa wilaya moja kwenye karatasi na anaishi nyingine bila kuhama nyumba. Jaribu kumweleza hilo ofisa wa visa ambaye ana dakika tano na wewe.

Kwenye gemu ya Heinsohn ukifungua ukurasa wa mrushaji yeyote, awe halisi au wa kubuniwa na kompyuta, umri wake na mji aliozaliwa viko pale, kabla hujafika kwenye pumzi, kasi ya mpira na cheo. Nimefungua kurasa nyingi mno za gemu ile. Sijaona hata moja iliyoachwa wazi hapo.